KANUNI NA ILLA YAKE: SOMO LA KEMIA KUTOKA KWENYE MAKONYO YA KARAFUU



 

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma masomo ya twahara, sala, mirathi na sira. Mwaka huu somo langu linapita njia ya Kemia, na sababu ni maswali mawili ambayo huletwa chuoni mara kwa mara. La kwanza huletwa na vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita wanaokuja darsa za jioni: kwa nini kanuni ya Markovnikov inasema haidrojeni iende upande huu, kisha ukurasa wa pili kitabu kinasema pakiwa na peroksidi iende upande wa pili? Je, hiyo ni kanuni au ni kubahatisha? Swali la pili huletwa na wazee: spiriti ya hospitali, na ile dawa ya mikono iliyowekwa kwenye milango ya misikiti na skuli mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, ni khamri? Nguo ikirowa inatiwa najisi?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini mlango wake ni mmoja. Mimi ni mwalimu wa dini, na upande wa Kemia nimeegemea vitabu vya sekondari na walimu wa skuli waliokubali kukaa nami. Basi tusome pamoja, na mwenye penseli aishike mkononi, kwa sababu somo hili halisomeki bila ya kuchora.

HUKUMU NA ILLA

Waliofika darsa ya Usuli-l-fiqhi wanajua kuwa hukumu ni kitu kimoja na illa ya hukumu ni kitu chengine. Chukueni mfano wa khamri. Maji ya zabibu ni halali. Yakikaa yakachacha mpaka yakalevya, yamekuwa haramu. Yakiachwa yakageuka siki yenyewe, yamerudi kuwa halali na twahara. Mtungi ni ule ule na asili ni ile ile. Kilichokuja na kuondoka ni ulevi, nao ndio illa. Ulipokuja hukumu ilikuja, na ulipoondoka hukumu iliondoka. Kwa hiyo mtu aliyehifadhi kuwa "mvinyo wa zabibu ni haramu" bila ya kujua illa, ukimletea kinywaji cha tende au cha mtama chenye kulevya atakwama. Anayeijua illa hakwami.

Nataka tahadhari moja hapa. Si kila hukumu ya dini tunaijua illa yake. Rakaa za Magharibi ni tatu na za Alfajiri ni mbili, tunasali kama tulivyoamrishwa. Wala sikuja kumtafuta Markovnikov ndani ya Msahafu, kama wafanyavyo baadhi ya watu kila kinapogunduliwa kitu kipya. Ninachochukua kwa mafakihi ni njia ya kufikiri tu: ukipewa kanuni, uliza inazunguka juu ya nini.

MKIA WA EUJENOLI

Sisi Wapemba tumekua na karafuu. Zikishachumwa, jioni watoto na wazee hukaa wakachambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwengine. Karafuu huanikwa zikauzwa. Makonyo nayo hayatupwi. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Makonyo hupitishiwa mvuke wa maji ya moto, mvuke hubeba mafuta, na ukipozwa maji na mafuta hujitenga. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, lakini haya ya karafuu huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida zaidi ya sehemu saba katika kumi, ni kitu kimoja kinachoitwa eujenoli. Ndicho chenye harufu tunayoijua na ndicho kinachotia ganzi jino linapouma. Molekuli yake ina kaboni 10. Kaboni sita zimekaa duara, nalo duara lina kundi la OH na kundi la OCH3. Kisha duara hilo lina mkia wa kaboni tatu:

duara–CH2–CH=CH2

Tazameni mwisho wa mkia. Kaboni mbili za mwisho zimeshikana kwa bondi maradufu, yaani jozi mbili za elektroni badala ya moja. Jozi ya kwanza imekaa imara katikati yao. Jozi ya pili imekaa juu na chini, imelegea, na kitu chochote chenye njaa ya elektroni kikipita karibu huweza kuivuta. Molekuli za kaboni na haidrojeni zenye bondi ya namna hii ndizo alkini, na kazi zake nyingi ni za kuongezewa: bondi ya pili hufunguka, mgeni akaingia nusu yake kaboni hii na nusu yake kaboni ile, na hakuna kinachotolewa nje.

Ndiyo maana skuli hujaribu alkini kwa maji ya bromini. Rangi ya machungwa hupotea, kwa sababu bromini imeingia kwenye bondi. (Kwa eujenoli jaribio hili peke yake halitoshi kuthibitisha bondi maradufu, kwani duara lake lenye OH nalo hula bromini. Mwanafunzi akiulizwa, ayataje yote mawili.)

Bromini ina nusu mbili zilizo sawa, kwa hiyo hakuna swali la nani akae wapi. Vivyo hivyo alkini ndogo kuliko zote, ithini, CH2=CH2, pande zake mbili ni sawa; mgeni yeyote akiingia, matokeo ni mamoja. Swali linazaliwa pale mgeni anapokuwa na nusu zisizolingana, na alkini nayo ina pande zisizolingana.

RAJIHI NA MARJUHI

Tuuache mkia wa eujenoli na tuchukue ndugu yake mdogo, propini. Ni mkia ule ule, lakini mahali pa duara pana haidrojeni:

CH3–CH=CH2

Kaboni ya katikati ina haidrojeni moja. Kaboni ya pembeni ina mbili. Sasa ileteni HBr, yaani haidrojeni bromaidi. Matokeo yanaweza kuwa mawili:

CH3–CHBr–CH3 (2-bromopropani), bromini ikiwa katikati, au
CH3–CH2–CH2Br (1-bromopropani), bromini ikiwa pembeni.

Maabara inatoa la kwanza kwa wingi mkubwa. La pili hupatikana kidogo tu. Kanuni ya Markovnikov inasema hivi: haidrojeni ya mgeni huenda kwenye kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Walimu wengi hufundisha kwa kusema "mwenye nacho huongezewa", na wanafunzi hucheka wakaihifadhi.

Zingatieni lugha yake. Haisemi kuwa njia ya pili ni haramu. Njia zote mbili ziko wazi, ila moja inapitika kwa wepesi zaidi, basi molekuli nyingi hupita huko. Mafakihi wana maneno yanayolingana na hali hii sawasawa. Kauli mbili zikigongana, ile yenye nguvu huitwa rajihi na ile dhaifu huitwa marjuhi. Marjuhi haikufutwa kitabuni, lakini watu wanafanyia kazi rajihi. Basi 2-bromopropani ni rajihi na 1-bromopropani ni marjuhi. Mtihani ukikuulizeni "zao kuu ni lipi", wanaulizia rajihi, na anayejibu kuwa jengine "haliwezekani" amekosea.

MTU WA KAZAN

Vladimir Markovnikov alikuwa Mrusi, mwanafunzi wa mkemia Aleksandr Butlerov katika Chuo Kikuu cha Kazan. Aliitoa kanuni yake mwaka 1869 katika tasnifu yake, na mwaka 1870 ikachapishwa kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1904.

Jina la Kazan lisiwapite hivi hivi. Ni mji wa Watatari, Waislamu wa mto Volga, ambao Warusi waliuteka mwaka 1552. Mwanzoni mwa karne ya 19 misahafu ilikuwa ikichapwa huko kwa mashine na kuenea mbali. Na katika miaka ile ile ambayo Markovnikov alikuwa akipima chupa zake, Sheikh Shihabuddin Marjani alikuwa imamu na mwalimu katika mji huo, kazi aliyoianza hapo mwaka 1850. Sina habari za kukutana kwao, nami sitatunga. Nataka tu mwanafunzi wa Pemba ajue kuwa kanuni hii haikuandikwa nyota nyengine, bali katika mji uliokuwa na adhana.

La muhimu zaidi kwa somo letu ni hili. Markovnikov aliiona hukumu, lakini hakuweza kuiona illa kama tunavyoielezea leo. Elektroni yenyewe haikugunduliwa mpaka mwaka 1897, na J. J. Thomson wa Uingereza. Kwa hiyo yeye alihesabu haidrojeni, kwa kuwa zilihesabika. Kanuni ya kuhesabu ni nzuri, na kwa maswali mengi ya mtihani inatosha. Lakini ni alama ya nje, mfano wa kusema "mvinyo wa zabibu".

ILLA NI IPI?

Turudi kwenye penseli. HBr haiingii yote kwa pamoja. Kwanza jozi iliyolegea ya bondi maradufu huichukua haidrojeni, nayo haidrojeni huja bila ya elektroni zake, ikaiacha bromini na elektroni zote. Haidrojeni ikishakaa kwenye kaboni moja, kaboni ya pili hubaki imepungukiwa na elektroni, ina chaji chanya. Wakemia huita hali hiyo kabokatayoni. Haidumu, kabla hujapepesa jicho bromini yenye chaji hasi huja kuijaza. Lakini katika kipindi hicho kifupi ndipo jambo zima linapoamuliwa.

Haidrojeni ikikaa pembeni, upungufu unabaki kwenye kaboni ya katikati, yenye kaboni jirani mbili:

CH3–CH⁺–CH3

Haidrojeni ikikaa katikati, upungufu unabaki pembeni, kwenye kaboni yenye jirani mmoja:

CH3–CH2–CH2⁺

Kaboni iliyopungukiwa ni kama mtu mwenye deni. Akiwa na ndugu wawili, kila mmoja akimsogezea kidogo, deni linabebeka. Akiwa na ndugu mmoja, linamwelemea. Kaboni jirani husogeza sehemu ya elektroni zake kuelekea penye upungufu, kwa hiyo jirani wawili ni bora kuliko mmoja, na watatu ni bora kuliko wawili. Hali iliyo nyepesi kuhimilika hufikiwa haraka zaidi, na molekuli nyingi hupita hapo. Bromini inapokuja inaukuta upungufu katikati, inakaa katikati.

Basi illa si wingi wa haidrojeni. Illa ni hii: anayeingia mwanzo hukaa mahali ambapo upungufu utakaobaki utakuwa kwenye kaboni inayouhimili vizuri zaidi. Kaboni yenye haidrojeni nyingi huwa na jirani wachache, kwa hiyo hesabu ya Markovnikov na illa hii aghlabu huafikiana. Lakini si kila mara, na karafuu yetu wenyewe inatuonesha.

Eujenoli ikichemshwa na alkali kali, bondi maradufu huhama hatua moja kuelekea kwenye duara. Hupatikana kitu kiitwacho isoeujenoli:

duara–CH=CH–CH3

Huu si mchezo wa darasani. Isoeujenoli ikioksidishwa hutoa vanilini, ile harufu ya vanila, na tangu miaka ya 1890 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitengeneza vanilini kwa njia hii kutokana na mafuta ya karafuu. Sasa mpeni isoeujenoli mgeni wetu HBr. Hesabuni haidrojeni: kaboni hii ina moja, na ile ina moja. Kanuni ya kuhesabu imekwama. Aliyehifadhi bila ya illa ataweka kalamu chini. Mwenye illa atauliza: upungufu utahimilika wapi zaidi? Ukiwa kwenye kaboni iliyogusana na duara, duara zima hushirikiana kuubeba. Hautulii mahali pamoja bali hutawanywa. Basi haidrojeni itakwenda kwenye kaboni iliyo upande wa CH3, na bromini itakaa karibu na duara. Jibu limepatikana bila ya kuhesabu.

PEROKSIDI: HUKUMU INAGEUKA, ILLA IMEBAKI

Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya Markovnikov, HBr iliwasumbua wakemia. Mmoja akifanya jaribio hupata bromini katikati, mwengine akifanya jaribio lile lile hupata bromini pembeni. Walilaumu mwangaza, walilaumu vimiminiko walivyotumia. Mwaka 1933 Morris Kharasch na mwenzake Frank Mayo, wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitoa jawabu. Walitumia alili bromaidi, CH2=CH–CH2Br, ambayo mkia wake ni ule ule wa eujenoli. Ilipokuwa safi na kukingwa na hewa, kazi ilikwenda polepole na matokeo yakafuata kanuni. Ilipoguswa na hewa au kutiwa peroksidi, kazi ilikwenda haraka na matokeo yakageuka kinyume. Chupa iliyokaa ikipata hewa ilikuwa imejitengenezea peroksidi ndani yake, kwa namna inayofanana na mafuta ya kupikia yanavyoharibika harufu yakikaa wazi. Wakemia walikuwa wakigombania matokeo, kumbe chupa zao hazikuwa na kitu kimoja.

Nini kilitokea? Peroksidi huvunjika kwa urahisi katikati, na kila nusu hubaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Nusu hiyo, iitwayo radikali, huipora HBr haidrojeni yake. Sasa bromini ndiyo imebaki peke yake na elektroni moja, nayo huenda yenyewe kwenye bondi maradufu. Kwa maneno mengine, safari hii anayeingia mwanzo ni bromini, haidrojeni inafuata.

Iulizeni illa. Anayeingia mwanzo hukaa pembeni, ili upungufu ubaki katikati, penye jirani wawili. Upungufu wa safari hii si wa jozi nzima bali wa elektroni moja, lakini nao huhimilika vizuri zaidi penye jirani wengi. Bromini imekaa pembeni. Kisha radikali ya katikati inaipora HBr nyengine haidrojeni, bromini mpya inatoka, na mzunguko unaendelea. Zao ni 1-bromopropani. Hukumu imepinduka, na illa haikusogea hata unywele. Kijana aliyeuliza kama hii ni kanuni au ni kubahatisha, jawabu lake ni hilo.

Mambo matatu yanayowaangusha watu kwenye mtihani. Athari hii ya peroksidi ni ya HBr. Msiipeleke kwa HCl wala HI, kwani kwa HCl bondi ya haidrojeni na klorini ni ngumu kuporwa, na kwa HI radikali ya iodini haina nguvu ya kushika bondi maradufu. La pili, eujenoli na fenoli za namna yake huzikamata radikali na kuzituliza, ndiyo maana mafuta ya karafuu husaidia kuchelewesha mafuta mengine yasiharibike. Kwa hiyo tone la fenoli kama hiyo ndani ya chupa hupunguza athari ya peroksidi na kuirudisha kazi kwenye kanuni. La tatu, ipo njia ya Herbert Brown wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979, ya kutumia borani ili kupata alkoholi yenye OH pembeni. Katika njia hiyo haidrojeni peroksidi hutumika hatua ya mwisho kuondoa boroni, na haina uhusiano na athari ya Kharasch. Jina limefanana, kazi haikufanana.

SPIRITI

Sasa niwageukie wazee waliokuwa wakisubiri kwa subira.

Neno alkoholi lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, al-kuhul, wanja wa macho. Wazungu walilichukua kwa maana ya unga laini, kisha kwa maana ya kiini cha kitu chochote kilichosafishwa, mwisho likatua kwenye roho ya mvinyo. Katika Kemia ya leo ni jina la ukoo mzima: karibu kila molekuli yenye kundi la OH kwenye kaboni ya kawaida huitwa alkoholi. Gliserini inayopakwa mwilini ni alkoholi. Nta laini inayotiwa kwenye losheni, iitwayo setili alkoholi, ni alkoholi, na hailevyi mtu hata kidogo. Mama akisoma neno hilo kwenye kopo la losheni akalitupa, ametupa kwa ajili ya jina, na jina si illa.

Mbili ndizo zinazohusu swali letu. Ithini ikiongezewa maji kwa msaada wa asidi, kwa joto la karibu nyuzi 300 na mgandamizo mkubwa, hutoa ethanoli, CH3–CH2OH. Pande za ithini ni sawa, hivyo haina njia mbili. Ethanoli hiyo ni molekuli ile ile iliyomo ndani ya mvinyo, haina tofauti hata ya atomu moja. Wapo wanaosema "hii ya kiwandani si ile". Kwa upande wa Kemia, maneno hayo si sahihi, na asiyajengee mtu fatwa.

Propini ikiongezewa maji kwa msaada wa asidi, njia ni mbili, na hapa ndipo somo letu lote linapofanya kazi. Haidrojeni inaingia mwanzo, inakaa pembeni, upungufu unabaki katikati, maji yanaujaza. Linalopatikana ni propan-2-oli, yenye OH katikati. Kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1920, kutokana na gesi za kusafishia mafuta ya petroli kwa kutumia asidi ya salfuriki. Hii ndiyo spiriti inayopangusiwa ngozi katika hospitali nyingi, na imo katika dawa nyingi za mikono, ingawa nyengine zina ethanoli. Kibandiko cha chupa husema: isopropili au propan-2-oli ni hii, ethili au ethanoli ni ile ya kwanza. Someni kabla ya kuuliza, kwa sababu sheikh akiulizwa "spiriti ina hukumu gani" hali ya kuwa chupa hazifanani, atajibu juu ya kitu gani? Wanazuoni wa Usuli wanasema kuwa kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu.

Propan-2-oli si kinywaji. Akiinywa mtu humpoteza fahamu na kumdhuru, na mwilini hugeuka asetoni. Kuinywa ni haramu bila ya mjadala, na spiriti nyengine zilizochanganywa na methanoli hupofusha macho na kuua. Swali la kama inatia najisi ngozi na nguo ni jengine. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kilevi cha majimaji ni najisi, na wapo masheikh wanaochukua tahadhari kwa msingi huo katika kila spiriti. Na wapo wanazuoni wengi wa zama hizi wanaosema kuwa spiriti za dawa na manukato si khamri iliyotengenezwa kunywewa, nao wakaruhusu kuzitumia kwa nje, hasa penye haja ya tiba. Mimi si wa kutoa fatwa. Kazi yangu hapa ilikuwa kukuleteeni kitu chenyewe, ili mkienda kwa masheikh zetu muende na chupa iliyosomwa. Wallahu aalam.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chora alkini CH3–C(CH3)=CH2. Ikiongezewa maji kwa msaada wa asidi, OH itakaa kaboni ipi? Jibu kwa illa, si kwa kuhesabu haidrojeni.

2. Propini imetiwa HCl pamoja na peroksidi. Taja zao kuu na ueleze kwa nini peroksidi haikubadilisha kitu.

3. Chupa mbili hazina vibandiko. Moja ina propan-1-oli, inayochemka kwa nyuzi 97, na nyengine propan-2-oli, inayochemka kwa karibu nyuzi 82. Ipi inatokana na propini, maji na asidi? Utaitambuaje kwa kipimajoto?

4. Mkia wa eujenoli ni duara–CH2–CH=CH2. Upungufu ukishakaa kwenye kaboni ya katikati ya mkia, unaweza kuhama hatua moja kuelekea kwenye duara. Kwa illa mliyoisoma, elezeni kwa nini utapenda kuhama, na bromini ya mwisho itakaa wapi.

Swali la nne ni gumu kidogo, na walimu wawili niliowaonesha walibishana mpaka adhana ya Isha. Majibu yapelekeeni walimu wenu wa Kemia wayasahihishe, na nakala moja iletwe chuoni.